NAMJUA KWA SURA

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Tunayachapa hapa kama yalivyosomwa, kwa ajili ya wale waliotuandikia kuyaomba.)

  Nazungumza nanyi kutoka Voi. Asubuhi ya leo mawingu yamefunika kilele cha Sagalla, na wazee wetu wangesema mvua haiko mbali, ingawa wazee wetu walisema hivyo pia mwaka jana tukangoja sana.

Leo nataka tuzungumze juu ya nyuso za watu. Jambo lenyewe laonekana dogo, lakini mimi lilinigharimu, na kuna mtu mwingine lililomgharimu zaidi yangu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 31. Nimefundisha Mwatate, nimefundisha Wundanyi, nikamalizia hapa Voi. Na katika miaka hiyo yote nilikuwa na majivuno moja ambayo sikuyaona kuwa majivuno. Nilipenda kuwaambia watu, "Mimi sisahau sura. Jina naweza kulisahau, lakini sura, hata baada ya miaka 20, nitakuambia ulikuwa unakaa dawati gani." Watu walicheka na kukubali. Nami niliamini, kwa sababu kila nilipokwenda sokoni wanafunzi wangu wa zamani walinisalimu nami nikawatambua.

Basi sikilizeni yaliyonipata. Mwaka 2011, jioni, jua likiwa limeanza kuzama, nilikuwa katika kituo cha magari hapa Voi nikingoja gari. Kwapani nilikuwa na mfuko mdogo wenye fedha za mchango wa sare za kwaya. Kijana mmoja mwenye shati jekundu akaunyakua, akakimbia katikati ya magari. Alipofika mbali kidogo aligeuka mara moja, nami nikamwona. Nikasema moyoni, "Nimekujua."

Siku ya tatu nilikwenda sokoni. Penye wauza nyanya nikamwona kijana akishusha masanduku kutoka garini. Shati jekundu. Mwili uleule. Moyo wangu haukusita hata kidogo. Nikanyosha kidole nikasema maneno mawili tu: "Ndiye huyu."

Ninyi mnaokaa mijini mnajua maneno hayo hufanya nini katika nchi yetu. Hakuna aliyeniuliza, "Una hakika, Mwalimu?" Nilikuwa mtu mzima, mwalimu, mtu wa kanisa. Watu walimwangukia yule kijana kwa mateke na ngumi. Mama mmoja muuza nyanya alikuwa akipiga kelele, "Mwalimu, waambie waache! Huyu mtoto siku hiyo alikuwa Taveta kwenye mazishi, nami nilikuwa naye!" Nami, Mungu anisamehe, nilidhani anamtetea jamaa yake. Polisi walifika kabla ya jambo lililo baya zaidi. Alikwisha kupoteza jino la mbele, na jicho moja lilikuwa limefumba.

Baada ya majuma mawili mfuko wangu ulipatikana kwa mtu mwingine kabisa, naye akakiri. Nilipoonyeshwa mtu huyo nilitazama nisiamini. Alikuwa mfupi kuliko yule wa sokoni, tena mkubwa kwa miaka, na uso wake mpana. Hawakufanana ila kwa shati.

Nilichukua wazee wawili wa kanisa tukapanda mlimani hadi nyumbani kwa wazazi wa kijana, kuomba radhi. Baba yake alitupokea vizuri, akatupa viti, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, kama ungekuwa umesema uongo ningejua la kukujibu. Lakini wewe hukusema uongo. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Wapendwa, neno hilo nilirudi nalo mpaka Voi, na sijaliacha hadi leo. Mimi sikusema uongo. Niliona, nikaamini, nikasema. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza: mtu anawezaje kuwa na hakika namna ile, na bado asiwe sahihi?

Nikagundua kwamba sikuwa wa kwanza hapa kwetu. Wengi wenu mmesikia habari za Daphne Sheldrick, aliyeishi hapa Voi miaka mingi pamoja na mumewe David, mkuu wa kwanza wa hifadhi ya Tsavo Mashariki. Mama huyo alilea ndovu yatima, na mmoja wao, jike jina lake Eleanor, alimfahamu kwa zaidi ya miaka 30. Eleanor alipokuwa mkubwa alirudi porini kuishi na ndovu wenzake. Mwaka 1994 Mama Daphne alikuja Tsavo kumtafuta. Akamwona ndovu jike mkubwa, akaamini ni Eleanor, akamwita kwa jina, akamwendea karibu kabisa. Hakuwa Eleanor. Alikuwa ndovu wa porini ambaye hakupata kumwona. Ndovu yule alimrusha juu ya mawe na mguu wake ukavunjika vibaya.

Aliandika habari hiyo mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 2012, na jambo moja katika maneno yake lilinigusa. Alisema aliona kwamba macho ya ndovu yule hayakuwa na rangi ya macho ya Eleanor. Aliliona! Lakini hakika ilikwisha kumtangulia moyoni, na mtu mwenye hakika hana nafasi ya kusikiliza jicho lake mwenyewe. (Anasema pia kwamba ndovu yule, baada ya kumtupa, alijaribu kumwinua kwa pembe zake kwa upole ili asimame. Watu wa sokoni siku ile hawakujaribu.) Na Mama Daphne, aliyefariki mwaka 2018, hakuwa mgeni wa siku moja aliyekuja kupiga picha. Kama kuna mtu aliyestahili kusema, "Mimi nawajua ndovu," ndiye yeye.

Sasa sikilizeni jambo jingine. Huko Uingereza wataalamu walichapisha mwaka 2011 jaribio rahisi sana, ambalo hata watoto wa shule ya Jumapili wangeweza kulifanya. Walichukua picha 40 za wanawake wawili wanaojulikana sana huko Uholanzi, picha 20 za kila mmoja. Picha hizo zilipigwa siku mbalimbali, nywele hivi, mwanga vile, huyu anacheka, huyu amenuna. Wakazichanganya, wakawapa Waingereza ambao hawakuwajua wanawake wale, wakawaambia: pangeni picha hizi mafungu mafungu, kila mtu na fungu lake. Hawakuambiwa watu ni wangapi. Mnadhani walipata watu wangapi? Kwa kawaida walipata mafungu saba au manane, na wako waliopata zaidi. Kisha wakawapa picha zilezile Waholanzi, ambao huwaona wanawake wale kila siku katika televisheni. Hao walipanga mafungu mawili upesi, wakashangaa jaribio lenyewe ni la nini.

Hapo nikaelewa kosa langu. Uso wa mtu unayemjua na uso wa mtu usiyemjua si kazi moja. Mkeo utamtambua kwa mbali, gizani, hata akiwa amejifunga kitambaa kichwani na kukupa mgongo. Mwanafunzi niliyekaa naye darasani mwaka mzima nitamtambua ingawa ameota ndevu. Lakini mtu uliyemwona mara moja, kwa kitambo kidogo, jua likizama na moyo ukipiga mbio, huyo humjui. Umeona shati, umeona kimo, na akili yako ikajaza yaliyobaki. Nasi tunapojipima, tunajipima kwa wale tunaowajua. Mimi nilisema sisahau sura kwa sababu nilihesabu wanafunzi walionisalimu. Wale waliopita karibu yangu nisiwatambue sikuwahesabu, kwa maana ningewahesabuje? Kosa la namna hiyo halirudi kukuambia, "Mimi ni kosa lako."

Mahakimu wetu wamelijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1953 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, ilifundisha kwamba ushahidi wa mtu mmoja aliyemtambua mshitakiwa katika hali ngumu upimwe kwa uangalifu mkubwa sana. Na mwaka 1980, katika kesi ya Anjononi, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilieleza kwamba kumtambua mtu uliyemjua tangu awali ni jambo la kutegemewa zaidi kuliko kumwonyesha mgeni. Ndiyo sababu polisi wakitaka shahidi amwonyeshe mtu asiyemjua wanatakiwa kufanya gwaride la utambulisho: mshukiwa asimamishwe katika mstari pamoja na watu wasiopungua wanane wanaolingana naye kwa umri, kimo na umbo, na shahidi asiambiwe lolote. Mimi pale sokoni nilifanya gwaride la mtu mmoja.

Hata gwaride si dawa ya yote. Huko Marekani, katika jimbo la North Carolina, mwaka 1984, msichana mwanafunzi alivamiwa usiku na kunajisiwa. Wakati ule wa uchungu alijikaza aukariri uso wa mtu yule, ili amtambue siku moja. Alionyeshwa picha, akamchagua kijana jina lake Ronald Cotton. Akaonyeshwa gwaride, akamchagua yeye tena. Mahakamani akaapa. Cotton alikaa gerezani zaidi ya miaka kumi, mpaka mwaka 1995 uchunguzi wa chembe za damu na mwili ulipoonyesha kwamba mkosaji alikuwa mtu mwingine. Na mtu huyo mwingine alikwisha kuletwa mbele ya msichana yule mahakamani, akasema hajapata kumwona maishani mwake. Baadaye wawili hao, aliyeshitaki na aliyefungwa bure, walipatana, wakaandika kitabu pamoja.

Pengine mtu ananisikiliza na kusema, "Hao ni watu wa kawaida. Mtu mwenye kazi ya kutazama nyuso hawezi kukosea hivyo." Nami nilifikiri hivyo. Lakini mwaka 2014 huko Australia maofisa wa pasipoti walipimwa. Watu walikuja mbele yao na picha, ofisa aseme kama picha ni ya mtu huyo au siyo. Picha za watu wengine walizikubali karibu mara 14 katika kila 100. Kisha walipewa mtihani mwingine wa kulinganisha nyuso pamoja na wanafunzi wa chuo, wala hawakuwashinda. Na aliyefanya kazi hiyo miaka mingi hakuwa bora kuliko aliyeanza juzi. Miaka yangu 31 ya ualimu iliona haya niliposoma hayo.

Wako pia waliotengeneza mtihani wa kukumbuka nyuso, Bradley Duchaine na Ken Nakayama, mwaka 2006. Unafundishwa nyuso sita, kisha unaulizwa umtoe yule unayemjua katikati ya watatu, kwanza picha zilezile, halafu katika mwanga mwingine, halafu picha zilizochafuliwa. Watu wanapoulizwa kwanza, "Wewe wajionaje, hodari au dhaifu?" na baadaye wakapewa mtihani, majibu yao na alama zao huelekeana kidogo tu. Wako wanaojiona hodari wakapata alama za chini. Wako wanyenyekevu wanaosema, "Mimi sina kichwa cha sura," wakawashinda wengi.

Hapa nataka niseme na makanisa, maana kuna jeraha tunalolibeba bila kulijua. Wako watu ambao tangu kuzaliwa hawawezi kushika sura, hata ya rafiki. Si vipofu, wala si wajinga. Wachunguzi hukisia kwamba ni kama wawili katika kila 100. Kanisa lenye washirika 200 laweza kuwa na wanne. Wengi wao hawajui kwamba wana shida. Wanadhani watu wote huona kama wao. Jane Goodall, aliyefika Gombe nchini Tanzania mwaka 1960 na kuwajua sokwe mmoja mmoja kwa majina, Flo na David Greybeard na wengine, alikuwa na shida hiyo kwa nyuso za watu. Aliandika mwaka 1999 kwamba kwa muda mrefu alidhani ni uvivu wa akili yake tu. Alifariki mwaka 2025 akiwa na miaka 91, amewasalimu maelfu ya watu, na mara ngapi, nawauliza, aliambiwa kwamba anajivuna?

Nasi tunasemaje baada ya ibada? "Mama mchungaji alinipita pale Mwatate kama hanijui." "Yule mzee wa kanisa tangu apate gari hasalimu watu." Nimekaa katika vikao vya kupatanisha watu ambavyo mwanzo wake ulikuwa salamu isiyotolewa. Miaka miwili watu hawasemezani! Na huenda ndugu yule hakukuona kuwa ni wewe. Umlete karibu, umtajie jina lako, asikie sauti yako. Mariamu Magdalena pale bustanini alimdhania Bwana kuwa mtunza bustani mpaka alipoitwa kwa jina lake. Someni Yohana sura ya 20. Hatuambiwi kwamba alikemewa kwa kukosea.

Maandiko yana habari nyingi za namna hii kuliko nilivyokumbuka. Ndugu zake Yusufu walisimama mbele yake huko Misri, wakaongea naye, wakainama, wasimtambue. Yeye aliwatambua mara moja. Wao walikuwa wamemwona mara ya mwisho akiwa kijana wa miaka 17, naye alikuwa na kila sababu ya kutosahau sura zao. Aliyeumizwa hukumbuka.

Na usiku ule uani kwa kuhani mkuu, kijakazi mmoja alimkazia macho Petro penye mwanga wa moto, akasema alikuwa pamoja na Yesu. Mwanga ulikuwa hafifu, naye alikuwa sahihi. Nasema hivyo ili mtu asitoke hapa akadhani macho hukosea sikuzote. Asiyejua usiku ule alikuwa Petro, ambaye saa chache kabla alikuwa ameeleza mbele ya wenzake jinsi alivyo imara. Petro hakusema uongo alipoahidi. Alikuwa na hakika. Yakobo naye, katika sura ya kwanza ya waraka wake, anasema juu ya mtu ajitazamaye katika kioo, akaenda zake, na papo hapo akasahau alivyo. Zamani nilidhani Yakobo anatia chumvi kidogo. Nani asahau uso wake mwenyewe?

Wachina walipokuja kujenga reli mpya iliyopita hapa Voi, ile iliyofunguliwa mwaka 2017, tulisema wote wanafanana, na tulisema kwa sauti. Nina hakika (neno hilo tena!) kwamba nao walisema hivyo juu yetu. Jicho hujifunza nyuso lilizokulia kati yake, na nyingine zote ni wageni mpaka tukae nao. Mama mmoja aliyewauzia chai kila siku aliniambia baada ya mwaka mmoja aliwajua wote.

Nimebakiza dakika moja, niwaambie jambo la mwisho.

Mwaka jana nilikuwa pale stesheni mpya nikisafiri kwenda Mombasa kwa matibabu ya macho, mtoto wangu amenilipia nauli. Katika foleni ya ukaguzi mwanamume mmoja aliyeshika mkono wa mtoto mdogo aliniinamia akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikamjibu, "Marahaba, baba, hujambo?" Nikamtazama vizuri, na ile tabia ya zamani ikanijia. Nikamwambia, "Wewe nakukumbuka. Ulikuwa darasa langu pale Mwatate, ulikuwa unakaa karibu na dirisha."

Akatabasamu. "Hapana, Mwalimu," akasema. "Mimi sikusoma kwako."

Alipotabasamu niliona jino moja la mbele halipo.

Sikuweza kusema neno. Yeye alichukua mkoba wangu mkononi mwangu, akaushika pamoja na wake, akamwambia mtoto, "Msalimie babu." Mtoto akanipa mkono. Tukasogea pamoja katika foleni, maana watu nyuma walikuwa wakitusukuma, na treni ilikuwa imekaribia.